Ile neno nilikuita asubui

Mwaba mwana wangu,

Niko naenda soko ya Ruashi, nitarudi saa kumi. Bukari ya unga ya mahindi iko mu sufuria, mboga ya sombe iko chini ya sahani. Ukitoka masomo, kula pamoja na bandugu zako. ~~Funguo ya kabati ya chakula niko nayo.~~ Hapana, nimeiacha hapa juu ya meza.

Asubui nilikuta mikate na karanga zote zimeisha, nikakuita mwizi mbele ya bote. Ulilia: "Mama, sikukuwa na njaa. Nilishindwa kuacha." Sikukusikiliza. Nilikuchapa.

Ulipoenda masomo nikapita kwa Mama Chomba, ule muuguzi wa kule Makomeno, nikamuelezea yote. Akaniambia: "Huyu mutoto si mwizi, iko mugonjwa. Ukimufungia chakula, atazidi kula kwa kujificha." Anataka ukule mara tatu kila siku, bila kuruka, na kila juma uende kwake kuongea juu ya kile kinakuumiza roho.

Mimi mama yako, sikukuuliza hata siku moja.

Kesho tutaenda wote wawili. Kama hautaki niingie, nitakaa inje.

Unisamehe.

Mama