Baba na Vitabu vya Inspekta Chilumba

Mikindani, 14 Agosti 1998

Kaka Hashimu,

Assalaam alaykum. Sisi tu wazima, ila macho ya baba hayaoni tena. Vitabu vinne vya hadithi za upelelezi vya Inspekta Chilumba ulivyotuma vilifika, nami humsomea kila siku baada ya alasiri. Cha pili nilikiona kirefu mno, lakini baba alimtambua muuaji kabla hatujafika nusu, akajisifu mpaka kwa majirani. Anampenda Chilumba kwa sababu haulizi makubwa. Huuliza nani alivaa viatu, nani hakula.

Cha nne kina maiti mtoni. Tulipokimaliza juzi, baba alisema, "Nasra, mtumbwi ulipopinduka mtoni kule Kitaya, Hashimu alisema aliogelea mpaka ukingoni?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini Hashimu anajua kuogelea?"

Kaka, swali hilo ninalo tangu tulipomzika mdogo wetu Mustafa, uliyekuwa naye mtumbwini, miaka sita sasa, ila niliogopa kukuuliza. Baba hajakasirika, wala hataki polisi. Anataka umweleze kwa mdomo wako mwanawe alikufaje.

Nimemwambia utakuja.

Mdogo wako,
Nasra