Baba Anameza Mate Makusudi

Mpendwa mshauri, niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia, barua hii nimeianza mara nyingi na kila nikikaa mtoto anaamka, leo nimemfunga mgongoni naandika nimesimama.

Naomba msaada kuhusu baba yangu. Ni mnadi wa mitumba, na sauti yake ilipoanza kukwaruza tukasema ni kazi, hadi daktari akampitisha kamera puani, akakata kinyama cha kupima, na majibu yakarudi kuwa ni saratani ya kisanduku cha sauti. Sasa daktari anataka picha za shingo, aone uvimbe umefika wapi, kama umekula gegedu, ule mfupa laini wa koo, au umegusa tezi, ndipo waamue ni mionzi au upasuaji. Baba amelazwa kwenye mashine mara mbili, ameambiwa apumue taratibu, asiongee, asimeze, na mara zote picha zimetoka na ukungu. Kaka yangu amekuja juu, anasema wapiga picha ni wazembe na atawashtaki kwa mganga mkuu, nami nimekaa kimya ingawa najua, maana jana nikimpozea uji baba aliniambia, "Mama," ndivyo anavyoniita, "mimi nameza makusudi. Wakipata picha nzuri watapata na pa kunichinjia."

Nikamwambia baba unacheza na roho yako.

"Roho bila mdomo ya nini? Mnadi bubu umemwona wapi?"

Akanichekesha, halafu akaniapisha nisimwambie mtu. Nimechoka mshauri, mtoto mmoja namnyonyesha, mwingine namlisha, na huyu mtoto mkubwa, baba, ndiye msumbufu kuliko wote. Nitumie haya tu: kama nivunje kiapo, kama kweli picha ndiyo inayoleta kisu, na maneno ya kumwambia baba, yawe mafupi.

Mama Mchovu

Mama Mchovu, pole sana. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unamshikia baba shuka la kujifichia. Kivunje kiapo hicho.

Picha haileti kisu. Kinyama kimeshasema ni saratani. Picha inasema imefika wapi. Ikiwa bado ni ndogo, huenda mionzi ikatosha na kisanduku kikabaki. Ikiwa imekwenda mbali, huenda kikaondolewa, hapo sikudanganyi, ingawa wapo wanaofundishwa kusema upya. Bila picha daktari anabahatisha, na uvimbe haumngojei. Baba anadhani anailinda sauti, kumbe anaupa uvimbe nafasi ya kuila.

Na kaka yako unamwachaje akawatukane watu wasio na kosa? Hilo limalize leo.

Kisha nenda na baba kwa daktari, mkaseme ukweli. Ulizeni kama mashine ya haraka itafaa badala ya ile ya kulala muda mrefu. Waambieni kama ana shida ya figo, au aliwahi kudhurika na dawa ya sindano ya picha. Akianza kukoroma akivuta pumzi, au hewa ikimpungua, usingoje miadi wala picha, mkimbize chumba cha dharura.

Maneno uliyoomba ni haya: "Baba, sijui kama sauti yako itabaki, na wewe hujui. Twende tukajue. Ukigoma nitakwenda kusema peke yangu, na uninunie ukiwa hai."