Jaketi Sita za Ouma

Jumatatu, 3 Machi

Chai, mkate, faili. Karatasi zote za kusajili boti yangu nimezipanga mezani kabla ya saa moja. Mkataba wa mauzo, nakala tatu. Kitambulisho changu na cha muuzaji. Barua ya kamati ya ufuo. Juzi nilimfuata muuzaji hadi Bondo kwa sababu mkataba wa kwanza haukuwa na shahidi, na karatasi isiyo na shahidi hurudishwa. Mimi nisingengoja irudishwe.

Miaka ishirini na tisa nilikaa upande wa ndani wa dirisha la ofisi nikiwaambia watu "njoo kesho". Najua faili hulala wapi. Hii yangu haitalala popote.

Kimebaki kitu kimoja tu, jaketi sita za kuokoa maisha. Duka la mjini limeishiwa. Wanasema mzigo uko njiani. Nami nilisema hivyo hivyo miaka yote.

Jumanne, 4 Machi

Afisa wa ukaguzi anakuja ufuoni Alhamisi. Baada ya hapo hadi mwezi ujao. Mwezi mzima boti ilale mchangani, injini imefunikwa turubai kama mgonjwa. Sikubali.

Nimemwendea Ouma. Boti yake huwa mwisho wa ufuo, dakika kumi kwa miguu kutoka ilipo yangu. Ndiye mvuvi pekee pale asiyeingia ziwani bila jaketi. Wenzake humwita Padre, ati lazima avae kanzu kabla ya ibada. Nikamwomba zake sita kwa asubuhi moja.

Alicheka. "Jaduong', mzee wangu, si wewe ndio ulikuwa unatufukuza ofisini juu ya fotokopi? Leo unataka kudanganya serikali?" Akanipa hata hivyo. "Lakini saa nane ziwe hapa. Mimi naingia saa tisa."

Nikamwambia saa saba.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepita.

Afisa alichelewa lakini hakupoteza muda. Alipima urefu, akagonga mbao, akasoma namba ya injini. Akahesabu jaketi. Moja aliivuta mkanda, ile iliyoshonwa upya kwa uzi wa buluu, akasifu mshono. "Mnatunza vitu nyinyi." Nikasema ndiyo. Mshono ni wa Mama Awuor, mke wa Ouma.

Saa saba na nusu tulikuwa tumemaliza. Afisa akasema nikipanda gari lake sasa hivi, karatasi itaingia kwa mkubwa wake leo leo. La sivyo ni wiki ijayo. Gari lilikuwa limeshawashwa. Gunia la jaketi lilikuwa begani kwangu. Dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi. Nikapanda. Nikajiambia Ouma atangoja.

Nimefika nyumbani Migosi saa kumi na moja. Karatasi imeingia. Alasiri upepo ulivuma vibaya, bati la jirani liling'oka. Gunia liko sebuleni. Simu ya Ouma haishiki.

Ijumaa, 7 Machi

Boti ya Ouma ilipinduka jana. Walikuwa wawili. Mwenzake, Okoth, alishikilia mtungi wa plastiki mpaka wakamwokota. Ouma hajaonekana.

Sijala. Gunia nimelisogeza nyuma ya kochi. Kisha nikajichukia kwa kulisogeza.

Jumapili, 9 Machi

Wamempata. Alikuwa kwenye magugu. Watu walikuwa wanatoka kanisani.

Mchana nilikwenda hospitali kumwona Okoth. Anasema walipokuwa wanasukuma boti alimuuliza Ouma jaketi ziko wapi. Ouma akamjibu, "Nimezianika nyumbani." Basi. Alinifichia siri. Aliona nitaaibika, akanisitiri, akaingia ziwani hivyo hivyo.

Ufuoni wanasema Padre alilizoea ziwa mno, akawa mzembe. Nilikuwa nimesimama katikati yao.

Jumatatu, 10 Machi

Simu ya ofisini. Cheti kiko tayari. Karani akanisifu, ati hajawahi kuona chombo kilichosajiliwa haraka hivi. Nimekichukua. Kimeandikwa jina langu, namba ya boti, na chini yake: jaketi sita, hali nzuri. Muhuri umekolea vizuri. Nimekitia kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kwa Ouma kukaa na waombolezaji. Mama Awuor akaniita kando.

Kamati ya ufuo inakaa Ijumaa. Wakiandika kwamba Ouma alitoka bila jaketi kwa uzembe wake mwenyewe, boti yake inatolewa kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kuvua. Ilivutwa ufuoni, mbao mbili tu zimevunjika. Hana kitu kingine cha kulishia watoto. Anataka awaonyeshe kwamba jaketi zipo, kwamba mumewe alikuwa mtu wa kujihadhari.

"Baba Apiyo," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "alimwambia Okoth ameanika hapa nyumbani. Sioni. Wewe ulikuwa rafiki yake. Nisaidie kutafuta tu."

Nikatafuta. Mungu anisamehe, nilitafuta. Niliinama na kurunzi chini ya kitanda cha marehemu. Nilipanda kiti nikaangalia juu ya kabati. Nilikung'uta nyavu moja moja nyuma ya nyumba. Mama Awuor akaona natokwa jasho, akaniletea maji. Nikayanywa.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika ili nilisome.

Ijumaa, 14 Machi

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshaandika nusu ukurasa nilipofika. Nilimwaga gunia mezani kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Nikaeleza yote: duka, ombi langu, saa nane, gari la afisa. Nikaeleza na ile siku ya kutafuta.

Hakuna aliyenifokea. Ningepata nafuu wangenifokea. Okoth alitoka nje, bado anachechemea. Mwenyekiti akashika jaketi moja, akaiweka chini.

"Dakika kumi tu, Mzee?"

Nikasema kumi.

Akapiga mstari mmoja juu ya alichoandika, akaanza ukurasa mpya. Boti ya Ouma inabaki kwenye orodha. Yangu haiingii majini. Cheti nimewaachia wakirudishe kwa afisa, pamoja na barua yangu ya kukiri. Jaketi wakaniambia nizirudishe mwenyewe baada ya mazishi.

Mama Awuor alikuwa nyuma na wanawake. Hakunitazama.

Jumapili, 23 Machi

Jana tulimzika. Nilikaa nje ya hema, hakuna aliyeniita ndani, na sikustahili kuitwa.

Leo nikapeleka gunia. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima. Sikuyatumia. Mama Awuor alizitoa moja moja, akazipanga juu ya meza. Tano akazibeba chumbani. Ya sita akanirudishia mkononi. Uzi wa buluu.

"Hii ndio ilikuwa yake. Kaa nayo."

Nikaondoka nayo chini ya kwapa, na njia nzima watu waliniona.

Jumanne, 1 Aprili

Mzigo wa jaketi umefika dukani. Nimenunua sita. Wiki nne tu. Hizo ndizo nilizoshindwa kungoja.

Nimeanza usajili upya. Leo nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, katikati ya mama mmoja wa Nyalenda na mzee aliyesinzia. Karani niliyemfundisha kazi zamani alinitambua, akaniita nipitie mlango wa nyuma. Nikamwambia niko sawa hapa. Mama wa Nyalenda akanigawia ndizi. Alikuwa anakuja kwa mara ya nne, na hakuonekana kushangaa.

Saa kumi dirisha likafungwa. Tulikuwa tumebaki watu watano.

"Njoo kesho, Mzee."

Nikasema sawa.

Nimerudi nyumbani, nimepika ugali, nimekula kidogo. Jaketi ya Ouma iko juu ya kiti karibu na mlango, nilipoiweka siku ile. Ni kavu.