Kabla Hujapanda Basi

Chumba cha Kufuli,
Nyuma ya Duka la Viatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikukute umekula. Hujambo? Na shangazi yako, miguu inampa nafasi ya kupumua? Huku mimi ni mzima, ila goti la kushoto, ambalo hujua habari za mvua kabla ya mawingu. Leo linasema kesho itanyesha.

Barua yako nimeipata. Mistari miwili tu: "Mjomba, nimeambiwa nije kuishi kwako. Kabla sijapanda basi, niambie wewe ni mtu wa namna gani, maana sikujui." Nimeisoma mara nne. Ni haki yako. Nyumba tatu katika miaka miwili, tangu mama yako atutoke, ni nyingi kwa mtu wa miaka kumi na sita. Hata kifurushi hubandikwa anwani kabla ya kusafirishwa.

Basi mimi ni fundi wa kufuli. Shule niliiacha mapema, nikajisomea kwa magazeti yanayofungiwa misumari dukani. Kwa hiyo najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache. Ukinisikia nabishana na mtu kisha nikanyamaza ghafla, ujue karatasi iliishia hapo.

Sura za watu nazisahau; funguo sizisahau. Jirani yangu fundi cherehani nimemfahamu miaka kumi na mmoja, na juzi nilipishana naye sokoni nisimtambue mpaka alipotoa funguo zake. Aliapa kuninunia. Hawezi kununa zaidi ya siku moja, anapenda mno kusema.

Jingine: mimi hupiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe kabla ya kuingia, ingawa naishi peke yangu. Kazi yangu ni kuingia nyumba za watu, na mkono ukishazoea adabu hauchagui mlango. Fundi cherehani akinisikia huitikia kutoka dirishani kwake: "Karibu, ila mwenye nyumba katoka."

Chai nainywa ikishapoa. Sina sababu.

Mwaka jana nilijifungia nje, vifaa vyote vikiwa ndani. Nikakaa kizingitini nikijifanya naota jua. Fundi cherehani akaja akanitazama weee. "Wanasema kinyozi hajinyoi," akasema, "lakini wewe, baba, hata wembe umeuacha ndani." Niliingia kwa dirisha, yeye kanishika miguu, na nusu ya mtaa ikitoa ushauri.

Sasa hili lililo zito. Sijui kama mama yako alikuambia kwa nini tuliacha kuandikiana. Alipoteza ufunguo wa kisanduku chake cha bati, akanitumia nikifungue. Nilikifungua bila kuchungulia, nikakitia kufuli jipya, zuri kuliko la kwanza, lile la kujifunga likibanwa. Kisha, ili ufunguo usipotee njiani, nikauweka mahali salama kabisa: ndani ya kisanduku. Nikabana. Nikatuma.

Dada yangu alidhani namfanyia mzaha. Nikamwandikia akirudishe, akajibu kwamba kimekuwa kigoda kizuri na ameshakikalia. Alikuwa mkaidi, nami si haba. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Nilisema hivyo kwa miaka mitatu. Siku niliyokwenda nilikuta amezikwa juzi yake, na wewe umeshachukuliwa. Hilo sina kichekesho chake, mwanangu. Naliombea radhi kwako, kwa kuwa kwake nimechelewa.

Shangazi yako ameniambia kisanduku unacho, na hulali mpaka umekigusa. Ameniambia pia kwamba katika nyumba ile ya pili ulilala ukumbini, na begi lako lilifunguliwa na kila mwenye mikono. Hakuwa anakusengenya. Alikuwa analia.

Kwangu kuna vyumba viwili. Chako kina dirisha la uani, kitanda, na meza yenye mguu mmoja mfupi ambao nimeuwekea kipande cha ubao. Mlango nimeutia kitasa kipya. Funguo zake ni mbili tu, na zote zimo katika bahasha hii. Sikubakiza. Nimeifungua bahasha mara tatu kuhakikisha zimo humu na si chumbani.

Najua unachowaza: fundi wa kufuli anahitaji ufunguo wa nini? Umewaza vizuri, damu yetu hiyo. Ndiyo maana kwa ndani nimeweka komeo la chuma lisilo na tundu. Nimelijaribu. Nilimwomba fundi cherehani ajikomee, nami nikahangaika nje robo saa na kila kifaa nilicho nacho. Nilishindwa. Yeye akakataa kutoka, eti humo kumetulia.

Kisanduku njoo nacho. Kukifungua ni kazi ya dakika mbili, lakini siku utaisema wewe. Usipoisema, viti hapa ni vichache, kitatufaa vilevile.

Na ukiona moyo hautaki kuja, sitakulaumu. Funguo zibaki kwako hivyohivyo. Chumba nimeshakifunga na hakuna atakayewekwa humo. Jana nilipopita mbele yake mkono ukapiga hodi wenyewe. Nikasimama kidogo, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Nisalimie sana shangazi yako, umwambie dawa ya miguu nimempata mtu wa kuileta. Msalimie na bibi yako mzaa baba, na yule binamu yako mnayemwita Kijiko, kama bado anakula kwa wawili. Mungu akufungulie njia, na mabaya yote ayafungie nje.

Ni mimi akupendaye, ingawa bado hujamjua,
Mjomba wako.