Mkwe Alisema Nane

Nairobi, hapa gerejini

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Mghoi,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote walio hapo uani, na tafadhali zigawe kwanza kabla hujaketi, kwa maana ukishaketi na barua hii sidhani utainuka upesi. Mimi mwili ni mzima. Nala, nalala, mgongo umeacha kuuma. Je, kikohozi cha Mghoi kimekwisha, au bado kinamrudia asubuhi? Mahindi yalishika, au jua limeyachoma kama mwaka jana? Na ndovu wamepita tena shambani kwa mama? Nijibu yote, usiniandikie tu kwamba hamjambo.

Huku ni kama unavyosikia. Tangu hali hii ya hatari ianze, hata kwenda kununua sabuni lazima kipande cha kitambulisho kiwe mfukoni, na jua likishuka kila mtu yuko ndani. Wenzetu kadhaa wa gereji walichukuliwa na hatujui walipopelekwa. Kazi imebaki nyingi na mikono ni michache. Lishike neno hilo, nitalirudia mbele.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba baba yako alishuka Maungu salama, kwamba ndugu yako Mwakio alikwenda kumpokea stesheni, na kwamba walipofika Rukanga mzee hakungoja hata chai, alianza kunisifu mbele ya majirani. Eti Mwadime ni mwanawe kuliko mkwe. Eti macho yalipomshinda Mwadime ndiye aliyemshika mkono. Ukaandika kwamba Jumapili kanisani ulitembea ukiringa. Mama Mghoi, nilipofika hapo niliikunja barua yako nikaisukuma chini ya godoro. Nilikuwa peke yangu chumbani, na bado niliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Sifa hizo si zangu.

Unajua baba yako ndiye aliyenitoa kwetu. Yeye alijifunza ufundi kwenye malori ya jeshi wakati wa vita, na alipopata benchi lake la ufundi hapa Nairobi alimwambia tajiri wa gereji kwamba anaye mkwewe, kijana asiyeogopa grisi. Nilifika sijui kutofautisha spana na koleo. Kila nijualo amenifundisha yeye. Na tulijitengenezea adabu yetu humu gerejini, maana si rahisi kufanya kazi siku nzima na baba wa mkeo. Sikula naye sahani moja. Spana sikumpa mkononi. Nilikuwa naiweka juu ya benchi, naye anaichukua. Wenzetu walitucheka, wakasema tunapitishiana vyombo kama watu waliogombana. Sisi tulijua ni heshima.

Barua zako nilikuwa nikimsomea mimi. Zamani alizisoma mwenyewe, kisha akaanza kusema amesahau miwani. Miwani gani? Baba yako hajapata kuwa na miwani. Nilielewa, nikajikausha, nikamsomea. Na zile sehemu ulizoniandikia mimi peke yangu nilikuwa naziruka, ungetaka nifanye nini? Lakini kila nikiruka alicheka. "Hapo umeruka," anasema. "Endelea, si neno." Sijui alitambuaje, lakini hakukosea hata mara moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Yuko Mzungu kijana tunamwita Bwana Nywele, kwa sababu nywele zake ni nyekundu kama udongo wa Voi. Alituletea pikipiki kuukuu ya mashindano, ya kabla ya vita, imevunjwa vipande na kutiwa ndani ya masanduku ya chai. Alitaka injini yake ijengwe upya ashindane nayo. Tajiri wetu, yule Mhindi mwenye gereji, alimpa baba yako kazi hiyo, maana hakuna mwingine aliyeiweza. Tuliifanya kwa furaha. Nakuambia ukweli, sijapata kufurahia kazi kama ile. Kila chuma tulikiosha kwa mafuta ya taa mpaka kikang'aa, na baba yako alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa kunguruma tu, bila maneno.

Katika injini kuna pistoni, inayopanda na kushuka ndani ya silinda. Ikipata moto hufura. Kwa hiyo lazima uiachie nafasi kidogo kati yake na ukuta wa silinda, na ya mashindano huachiwa kubwa zaidi kwa sababu moto wake ni mkali. Ukiibana, itashika ukuta huko njiani na gurudumu la nyuma litasimama ghafla. Nafasi hiyo hupimwa kwa fila, ambayo ni mabapa membamba ya chuma, kila moja limechongwa nambari ya unene wake. Unaiingiza pistoni na bapa ubavuni mwake, kisha unalivuta bapa. Linatakiwa lisite kidogo, kama uzi unaopita kwenye kitambaa kizito. Pistoni hii ilitaka nane.

Siku ya kupima tajiri alikuwapo na Bwana Nywele alikuwapo, wamesimama juu yetu. Mimi nilishika silinda. Baba yako alichagua bapa, akaliinua karibu na uso, akalipeleka mbali, akalirudisha karibu. Akalitia, akalivuta. Lilisita vizuri kabisa.

"Nane," akasema. "Imetosha. Tufunge."

Lilikuwa sita. Nambari ilinielekea mimi, Mama Mghoi, na macho yangu hayana tatizo. Niliiona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Ilitakiwa silinda ile ichongwe tena kidogo, nasi tulikuwa tunaifunga.

Nikanyamaza.

Nilijiambia kwamba mkwe hasahihishwi mbele za watu, tena mbele ya tajiri na Mzungu. Hiyo ni kweli, wala hapo Rukanga hakuna atakayenilaumu kwa hilo. Lakini baadaye wale wawili waliondoka, tukabaki sisi peke yetu tukifunga injini mpaka saa ya kufunga gereji. Ningeweza kusema, "Baba, tupime mara nyingine." Maneno machache tu, na hayana utovu wa adabu ndani yake. Sikuyasema. Na sababu si heshima. Nilikuwa nalitamani benchi lake. Nilikuwa nimechoka kuitwa msaidizi wa mzee huku nikijua mzee haoni. Nikawaza moyoni: acha waone wenyewe. Nilidhani injini itapata moto, itapungua nguvu, tajiri ataifungua na kuelewa, na mimi sitakuwa nimesema neno baya juu ya mtu yeyote. Ndivyo nilivyoipanga. Mungu anisamehe, niliipanga huku nikimwekea spana juu ya benchi kwa adabu.

Siku ya mashindano tulikwenda sote kwa lori la gereji. Baba yako alivaa koti. Hakuweza kuona pikipiki zikipita kwenye vumbi, lakini aliisikia yetu kati ya zote, na kila ikipita alinionyesha kwa kidole mahali ilipo. Katikati ya mbio alishika ubao wa lori kwa nguvu.

"Inabanwa," akasema. "Mwadime, inabanwa hiyo! Mungu wangu, mwambieni asimame!"

Hakuna aliyesikia kitu isipokuwa yeye. Kisha tukaiona ikiteleza upande, na Bwana Nywele akiburutwa na ile pikipiki. Alivunjika bega na mkono. Hakufa, namshukuru Mungu kila asubuhi kwamba hakufa. Lakini alipopakiwa kwenye gari alilia akimwita mamake, naye ni mtu mzima mwenye ndevu, na sauti ile ningali naisikia.

Tulipoifungua injini, pistoni ilikuwa imekwaruzwa pande zote mbili. Tajiri aliishika mkononi.

"Nani napima hii?"

"Mimi," akasema baba yako. "Ni macho yangu. Yamekwisha, nami nimekuficha."

Tajiri akanigeukia. "Na wewe? Wewe nashika silinda. Hapana ona namba?"

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, nakuapia sijui. Baba yako alinitangulia. "Huyu alikuwa upande wa pili," akasema. "Hakuweza kuona."

Tajiri akaningoja mimi. Nikasema, "Ndivyo."

Basi baba yako akaambiwa apumzike, kwa maneno mazuri, na mimi nikapewa benchi. Nililitamani, nikalipata.

Nilimsindikiza stesheni. Umati ulikuwa mkubwa, askari wakikagua vipande, naye alinifuata akishika ncha ya shati langu. Alipokwisha kuketi ndani ya behewa alitoa ile fila yake mfukoni. Nilitazama mahali pa kuiweka, kwa mazoea, nami nilidhani ataiweka kwenye kiti niichukue. Hakuiweka. Aliutafuta mkono wangu akaitia kiganjani na kuvifunga vidole vyangu.

"Ukipima," akasema, "mtu mwingine naye asome."

Treni ikaondoka. Nilimwazia akishuka Maungu asubuhi, na njia ile ya kwenda kwetu Kasigau yenye ndovu, na macho yale. Nikarudi chumbani nikalala usingizi mzito kama mtu asiye na kosa. Hilo nalo linanitia aibu.

Barua yako ilipofika ndipo nilipokwenda kwa tajiri. Nilimwambia kwamba niliiona ile nambari. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimekwisha kukunja blanketi. Akaniuliza kwa nini sikusema. Kabla sijamaliza kujibu, nilipotaja tu neno mkwe, akainua mkono.

"Basi, basi. Mimi naelewa. Hata mimi hapana weza ambia baba ya bibi yangu yeye nakosa. Rudi kazi."

Akanipiga bega kwa upole. Mikono ni michache, nilikuambia. Amenisamehe kwa sababu ya heshima ambayo sikuwa nayo, na sikumsahihisha. Mara ya pili hiyo nilimnyamazia. Nimeahidi nafsi yangu kwamba nitarudi kwake na sababu yenyewe, naye afanye atakalo, lakini anayestahili kuisikia kabla ya wote ni baba yako. Yeye anakaa hapo akidhani ni macho yake peke yake yaliyomvunja yule kijana. Macho yake yalikosea. Yangu yaliona. Mwenye hatia ni nani kati yetu?

Kwa mdomo wangu sitaweza kumwambia. Hata nikija kwa treni ya kesho nitaketi mbele yake nikitazama miguu yangu, na yeye ataniuliza habari za gereji, nami nitajibu njema. Nimefikiri kumtuma kaka yangu na mbuzi wa kuomba radhi, lakini mbuzi huja na maneno laini, na maneno laini yatafunika kila kitu. Mbuzi atakuja baadaye, kama baba yako atakubali kumpokea. Na ukiona huwezi tena kukaa kwangu na mama, ukarudi na Mghoi kwa baba yako, sitakutumia watu wa kukusihi. Nitaelewa.

Nisalimie mama, umwambie blanketi lake nimelinunua na litakuja na mtu wa kwanza atakayeshuka Maungu. Mpe mama mkwe salamu zangu kwa mbali, kama ipasavyo. Mwambie Mwakio asante kwa kwenda stesheni, kazi ile ilikuwa yangu. Yule mwalimu wa kanisa aliyenifundisha kuandika, mwambie mwandiko wangu umeharibika leo, asiutazame. Mghoi mbusu kwenye kile kidevu chake.

Najua baba yako akisikia kuna barua kutoka Nairobi atatoa kigoda nje, ataketi, na kukuita umsomee. Nenda. Mama yako naye awepo, na majirani wale waliosikia sifa zangu wakipita wasifukuzwe. Anza kwenye salamu, ufike mpaka jina langu. Utakapofika pale niliposema nalitamani benchi lake, utataka kupita haraka, nakujua. Usiruke, Mama Mghoi. Nilipokuwa nikimsomea zako na kuruka, alijua kila mara.

Mumeo,
Mwadime