Benchi Kavu la Kiwangwa

Mdogo wangu Zuhura,

Bado mnabishana na shemeji, Dar au Dodoma, wapi ndiyo makao makuu ya mpira, na kodi ya nani imejenga viwanja? Hapa Kiwangwa uwanja umejengwa kwa mananasi: kila familia iliuza yake, ikaweka benchi lake.

Jana mvua ililowesha mabenchi yote isipokuwa moja. Nikakaa. Lilikuwa na joto. Mama mmoja akanivuta mkono: "Inuka, mwanangu. Hilo la marehemu Mzee Salumu, na hakosi mechi. Mwamkie kwanza."

Nikasema shikamoo. Ubao ukalia, kama mtu anayesogea kunipa nafasi. Mpaka filimbi ya mwisho sikuthubutu kuegemea.

Nibusie watoto. Mkienda kwenye uwanja wenu mkubwa, amkieni kabla ya kukaa.

Dadako Mwanaisha