Mabati Yangu Juu ya Nyumba Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na unisamehe mwandiko, kalamu iko mkono wa kulia na mtoto yuko wa kushoto ananyonya, hanipi nafasi.

Mimi ni msusi wa nywele, mume wangu anauza simu, mtaani wanamwita Mkurugenzi kwa sababu ya tai zake. Tunaachana, ndoa haikutimiza hata miaka miwili, amepata dada mwingine na kwa hilo silii tena, nimelia nikamaliza, nimeshahamia kwa kaka yangu. Shida ni nyumba. Kiwanja ni chake, na aliponioa kuta zilikuwa zimesimama bila paa, mimi ndiye niliyetoa akiba yangu yote ya kusuka, vidole vimekufa ganzi na tumbo likiwa kubwa, nikanunua mbao na mabati yote, tukahamia sisi na mama yake.

Sasa Jumamosi kikao cha kugawana kikakaa sebuleni kwenye nyumba hiyo hiyo, baba yake mkubwa ndiye mwenyekiti, upande wangu nina kaka tu. Mkurugenzi akasema, "Ndoa yenyewe ya juzi. Achukue kitanda, makochi na televisheni, aende salama." Nikamwuliza, "Na paa?" Akacheka. "Paa ni sehemu ya nyumba, mama. Utalibeba kichwani?" Wakacheka wote, hata kaka, mshauri, nilimwona.

Sijui nguvu nilizitoa wapi, maana mtoto anaota meno na usingizi nausikia kwa majirani. Nikatoka nje nikampigia fundi aliyeezeka nyumba ile, anakaa mtaa wa pili, nikamwambia njoo na ngazi. Nilitaka kuwatisha tu. Akaja kweli, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda na nyundo yake, akauliza, "Nianzie wapi, mteja wangu?" Hapo nikaishiwa, kwa sababu mama mkwe anaishi humo, mpaka leo ndiye anayembeba mwanangu nikiwa kazini, na mawingu yalikuwa yameshatanda. Nikasema, "Basi fundi, shuka. Mama atanyeshewa."

Mama mkwe akatokea mlangoni. "Ashuke kwa nini? Fundi, changu ni kile chumba cha nyuma, usikiguse. Anzia hapa mbele, kwa Mkurugenzi."

Baba mkubwa akaruka, "Shemeji, umerukwa na akili?"

"Shemeji, tangu nihamie hapa nalala pakavu. Nani kanilaza pakavu, wewe?"

Mabati mawili yalikuwa chini kabla chai haijapoa. Mkurugenzi kang'ang'ania ngazi, tai imemgeukia mgongoni, anapiga kelele, "Tuzungumze! Tuzungumze!" nami nikamwambia, mtoto kanilalia begani, "Tulikuwa tunazungumza, ukacheka." Tukarudi sebuleni akakubali mbele ya wote kunilipa gharama ya paa zima, mbao, mabati na ufundi. Mshauri, nilirudi kwa kaka natembea katikati ya barabara kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Lakini jana ametuma masharti. Nirudishe kwanza juu yale mabati mawili niliyoondoka nayo, ndipo alipe, tena kidogo kidogo, na hela hiyo ihesabiwe ndiyo matunzo ya mtoto mpaka aanze shule. Baba mkubwa ananipigia simu kila siku kwamba nimeivua nguo familia, kaka naye anasema nikubali yaishe. Nimechoka, kuna saa nataka kukubali ili nilale tu. Je, niyarudishe? Na nilikosea kumvulia mtu paa?

Msusi Mwenye Paa

*

Msusi,

Nimesoma barua yako nikasimama nikapiga makofi peke yangu, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Sasa kaa nikugombeze.

Mwanamke unaezeka nyumba kwenye kiwanja cha mtu bila hata mstari mmoja wa maandishi? Bahati yako fundi ana kumbukumbu na mama mkwe ana moyo. Usirudie, hata ukiolewa na malaika. Tena ulikuwa umeshawashika pabaya, ukataka kumshusha fundi wewe mwenyewe! Upole wako siulaumu, ndio uliomtoa yule mama mlangoni. Lakini Mkurugenzi anaujua, na sasa anautegea.

Masharti yake yasome tena ukiwa umepumzika. Anataka kukulipa chako kwa chakula cha mwanawe. Paa ni jasho lako, matunzo ni haki ya mtoto, na hata angekulipa paa la dhahabu mtoto kesho ataamka na njaa na baba yake atakuwa bado ni baba yake. Na huo wimbo wa ndoa ya juzi, mwache auimbe. Ndoa ilikuwa fupi, sawa, lakini mabati yako hayakuwa mafupi.

Wiki hii nenda ofisi ya msaada wa kisheria, na uende na fundi na mama mkwe wako wawe mashahidi. Alichokubali sebuleni kiandikwe, na tarehe za malipo, atie saini. Matunzo yawe na karatasi yake pekee. Usimpandishe fundi tena kuvua hata bati moja, maana mara ya kwanza ulikuwa ujasiri, ya pili watakuitia polisi. Yale mawili yatarudi juu siku hela yote imefika mkononi mwako, na ufundi wa kuyarudisha alipe yeye. Baba mkubwa akipiga simu, msalimie kwa adabu zote, mwulize afya yake, halafu mwambie mtoto analia. Kaka yako naye, kwa kile kicheko chake, akulelee mtoto jioni nzima.

Unauliza kama ulikosea. Mwanangu, ulichukua chako mchana, mbele ya watu, na ukataka kuacha kwa kumhurumia mama wa watu. Mimi sioni kosa hapo, naona mtu anayehitaji kulala.

Mawingu ni mazito leo. Mama mkwe wako yuko pakavu, wewe na mtoto mko pakavu. Atakayelowa ni mmoja, na hela ya kuizuia mvua iko mfukoni mwake. Zima simu, ulale.